Joto la Abiria wa Jioni

Jioni, kazi zinapokwisha, abiria hukusanyika katika stesheni ya Kampala kungoja gari la moshi liendalo Namanve. Wamo makarani waliotoka maofisini, wachuuzi wa Owino na mabunda yao, mafundi, wauguzi, wanafunzi, na miongoni mwao askari aliyemaliza zamu akiwa bado katika sare yake nzito na viatu vyake vya ngozi. Jua limekwisha kuinama, na mtu aliye mbali na stesheni angedhani kwamba hari ya siku nayo imeondoka pamoja nalo. Lakini behewa lililoshinda juani likiwa limefungwa, mlango wake unapofunguliwa, huwapokea watu kwa pumzi ya tanuri. Bati la juu limekuwa likinywa jua tangu asubuhi. Viti vina moto. Hewa ya ndani haijatikisika mchana kutwa. Na katika hewa hiyo hiyo wataingia watu wengi, bega kwa bega, kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Wako wanaosema kwamba jambo hili si la kuzungumzwa redioni. Husema kwamba Kampala si Mombasa wala Dar es Salaam, kwamba mji huu umejengwa juu ya vilima, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwamba mwenye kulalamikia joto hapa angekwenda pwani akaone joto lenyewe. Ni kweli kwamba kivulini, mchana wa Januari na Februari ambao ndio mkali kuliko wote, kipimo hakipandi sana; huwa baina ya nyuzi 27 na 30. Lakini kipimo hicho husomwa kivulini, mahali penye upepo, ndani ya kijisanduku cheupe cha mbao kilichotengenezwa makusudi kisishike joto. Abiria hasafiri ndani ya kijisanduku cheupe cha mbao. Husafiri ndani ya sanduku la chuma, na hali ya hewa ya sanduku hilo huitengeneza binadamu mwenyewe, kwa namna anavyoliweka, anavyolipaka rangi, anavyolijaza watu na anavyofungua au kufunga madirisha yake.

Yafaa kukumbuka jinsi gari hili lilivyopatikana. Kwa miaka mingi tangu mwisho wa karne iliyopita reli ya Uganda ilibeba mizigo tu. Abiria walikuwa wamesahauliwa. Desemba 2015, wakati reli ilipokuwa chini ya kampuni ya Rift Valley Railways, gari la abiria wa mjini lilianzishwa baina ya Kampala na Namanve, likisimama Nakawa, Kireka na Namboole. Mwaka 2017 mkataba wa kampuni hiyo ulivunjika na gari likasimama. Februari 2018 Shirika la Reli la Uganda lililirudisha. Mwaka 2023 lilisimamishwa tena ili njia ikarabatiwe, na Aprili 2024 likarudi. Kila liliporudi, watu walirudi. Mwananchi asiyelipenda asingelirudia mara mbili.

Naye ana sababu zake. Barabara ya Jinja jioni ni foleni moja ndefu ya matatu, ambayo watu wa hapa huziita teksi, malori ya Malaba, mabasi na magari ya watu binafsi, na katikati yake bodaboda zinapenya kama samaki katika matete. Gari la moshi halina foleni. Huchukua watu wengi kwa mara moja, halimwangushi mtu lami, na nauli yake inaweza kubebwa na mfuko wa mtu wa kima cha chini. Basi abiria akilikimbia gari hili kwa sababu ya joto, haendi nyumbani kwa miguu. Hupanda bodaboda. Hapo ndipo jambo la jasho linapokuwa jambo la usalama barabarani, na afisa wa trafiki anayesimama Nakawa au Kireka ndiye atakayelipokea kwa sura nyingine: ajali, msongamano, na kilio cha usiku.

Sasa, joto la behewa hutoka wapi? Lina mikondo miwili, na inafaa kuipima yote miwili, maana watu wengi hulaumu ule mdogo.

Mkondo wa kwanza ni miili ya abiria wenyewe. Mtu aliyetulia, asiyefanya kazi yoyote, hutoa joto la kiasi cha wati 100 hivi, yaani sawa na balbu moja ya zamani iliyowashwa. Watu 100 ndani ya behewa moja ni balbu 100. Au, kwa mfano utakaoeleweka upesi katika kambi yoyote ya jeshi au polisi, ni kama pasi 10 za umeme zilizowashwa kwa pamoja ndani ya chumba kimoja chembamba. Zaidi ya hayo, kila mmoja hutoa unyevu kwa pumzi na kwa jasho. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu halikauki, linatiririka tu, na mtu hulowa bila kupata nafuu yoyote. Ndiyo maana abiria aliyebanwa katikati ya behewa huona shida kuliko mwenzake aliye dirishani, ingawa pima-joto ingeonyesha tofauti ndogo tu baina yao.

Mkondo wa pili ni jua, na huo ndio mkubwa. Katika nchi hii inayopitiwa na ikweta, jua la saa sita mchana lisilo na wingu hutupa karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Behewa lenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 3 lina paa la mita za mraba 54. Hesabu ni nyepesi. Paa hilo hupokea kilowati 54, wakati abiria 100 hutoa kilowati 10 tu. Si joto lote hilo linaloingia ndani, kwani upepo huchukua sehemu, na rangi ikiwa nyeupe hurudisha sehemu kubwa angani. Lakini bati jeusi, au bati lililochakaa likawa na kutu, linaweza kupita nyuzi 60 mchana, na likiisha kushika moto huo hulipia deni lake jioni kwa yule aliye chini yake.

Hapo ndipo kiini cha shauri hili kinapoonekana. Gari la abiria wa mjini hufanya kazi asubuhi na jioni. Mchana, watu wakiwa kazini, mabehewa husimama. Kwa hiyo joto linalomchosha abiria wa jioni halikupatikana safarini. Lilipikwa uwanjani, saa sita na saa saba, wakati behewa halina mtu hata mmoja ndani yake. Na mahali lilipopikwa ndipo linapoweza kuzuiwa, kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote.

Behewa likiegeshwa chini ya banda, mkondo ule mkubwa umekatwa. Pasipo banda, rangi nyeupe juu ya paa ni kinga ya pili. Si rangi ya urembo, bali kazi halisi ambayo mpaka-rangi wa karakana anaweza kuimaliza kwa siku chache, mradi paa lioshwe baadaye lisirudie weusi wa masizi ya dizeli. Na hata pasipo rangi mpya kuna kinga ya tatu isiyohitaji hata shilingi ya ununuzi: kufungua madirisha na milango yote saa moja au mbili kabla abiria hawajaingia, ili upepo upite ndani na kuondoka na joto lililolala humo.

Kinachoweza kulifanya jambo rahisi kama hili lisiwe la kawaida ni wizi. Behewa lililo wazi uwanjani ni karibu sana na behewa lililoibwa vitasa, balbu, nyaya na ngozi za viti. Mlinzi mmoja hawezi kuyaangalia mabehewa sita yaliyotanda urefu wa uwanja, naye akitaka kulala usingizi wa amani huyafunga yote na kutia ufunguo mfukoni. Huwezi kumlaumu. Amri aliyopewa ni kulinda mali, na hakuna aliyemwambia kwamba hewa nayo ni mali. Basi suala la ubaridi wa abiria limefika mikononi mwa askari bila yeye mwenyewe kujua. Doria ya watu wawili uwanjani kwa saa mbili za alasiri yaweza kumfanyia abiria mema kuliko mashine ya mamilioni. Ni kazi isiyoonekana, haina gwaride wala nishani, na mwenye kunufaika nayo hatajua kamwe nani amempunguzia jasho.

Asubuhi mambo huwa kinyume. Kampala huamka na baridi ya nyuzi 17 au 18, na abiria wa alfajiri huingia na sweta, na kina mama wamewafunika watoto wachanga mablanketi. Madirisha hufungwa. Gari linapofika Kireka watu wameongezeka, linapofika Nakawa limejaa, na sasa zile pasi 10 zinafanya kazi ndani ya chumba kisicho na tundu. Hapo huzuka ubishi ambao kila msafiri wa reli anaujua. Mmoja anataka dirisha lifunguliwe kwa kuwa amekosa pumzi. Mwingine anataka libaki limefungwa kwa kuwa mtoto atapata kikohozi. Wa tatu analalamikia vumbi. Na wa nne, ambaye hayuko karibu na dirisha lolote, ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Ubishi huu hauna mshindi kwa sababu wote wana haki. Dawa yake ni matundu ya hewa yaliyo juu, karibu na dari, ambayo hutoa hewa ya moto inayopanda bila kumpuliza mtoto aliye pajani. Mafundi wa reli wa zamani waliyajua matundu hayo na kuyaweka juu ya mapaa. Behewa linapokarabatiwa, ni rahisi sana kuyaziba kwa sababu yanavuja mvua. Kuyaziba ni kazi ya dakika tano, na anayeumia si yule aliyeziba.

Jukwaani nako kuna hesabu yake. Wengi hudhani kwamba paa likiwekwa juu ya vichwa vya watu basi kivuli kimepatikana. Saa sita mchana ni kweli. Lakini abiria wa mjini hawangoji gari saa sita. Hungoja jioni, na jua la jioni haliji kutoka juu, huja kutoka ubavuni. Reli hii huelekea mashariki, kwa hiyo jua linaloshuka magharibi hupita chini ya paa na kufuata urefu wa jukwaa, likimpiga abiria usoni au kisogoni. Paa refu namna gani halitamsaidia. Kinachomsaidia ni kizuizi cha wima upande wa magharibi: ukuta wa matofali yenye matundu yanayopitisha upepo, au mianzi iliyosukwa, au, kwa nchi iliyojaliwa mvua misimu miwili kwa mwaka, miti. Mwembe au mvule uliopandwa ncha ya jukwaa hutoa kivuli kisicho na moto, maana jani, tofauti na bati, hujipoza lenyewe kwa maji linayoyanyonya kutoka ardhini. Kwa vituo vidogo vya njiani, ambako jukwaa ni kipande tu kando ya reli, miti minne ingekuwa na faida kuliko banda la bati moja.

Kisha kuna habari. Abiria asiyejua gari litafika saa ngapi husimama ukingoni mwa jukwaa, juani, akichungulia reli, kwa kuogopa kuachwa. Abiria aliyeambiwa kwamba gari limechelewa kwa dakika 20 hurudi kivulini, akakaa. Kipaza sauti kimoja, au askari mmoja wa jukwaani mwenye kupashwa habari na mkuu wa stesheni, huokoa watu mia kadhaa na dakika 20 za jua. Labda ndiyo njia rahisi kuliko zote za kupoza umma, na huhitaji tu mtu mmoja amwambie mwenzake ukweli kwa wakati.

Wazee wetu waliosafiri enzi za ukoloni wangelisikia mazungumzo haya wakacheka kidogo, maana wao waliujua ubaridi wa reli kama kitu kilichogawanywa kwa rangi ya ngozi. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, ilikuwa na madaraja matatu. Kwa mazoea ya wakati huo la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Waliokuwa wachache walipewa nafasi kubwa, na nafasi ndiyo baridi ya kwanza. Waliokuwa wengi walibanwa kwenye mbao. Askari wa KAR walioitwa vitani katika vita vikuu vya pili walibebwa kwa reli hii kuelekea bandarini Mombasa, na wengi wao wakafika Burma. Hakuna aliyewauliza kama behewa lilikuwa na hewa ya kutosha. Fikira kwamba abiria wa kawaida hastahili kupozwa haikuzaliwa juzi. Ilirithiwa pamoja na mataruma na injini.

Hata hivyo, si kwamba mataifa yenye fedha yamefaulu kila mahali. London ni mfano wa kushangaza. Mji huo ulichimba njia za treni chini ya ardhi, na ilipofunguliwa njia ya Central mwaka 1900 udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki ulikuwa na baridi ya nyuzi 14 hivi. Baadhi ya njia zilitangazwa kwa wananchi kama mahali pa kukimbilia wakati wa kiangazi. Lakini breki na mitambo ya treni zilimwaga joto ndani ya udongo huo kila siku, mwaka baada ya mwaka, na udongo ukalihifadhi kama mtu anavyoweka akiba benki. Miaka 100 baadaye akiba ilikuwa imejaa, na baadhi ya mahandaki yakawa na moto wakati juu ya ardhi watu wamevaa makoti. Mwaka 2003 Meya wa London alitangaza zawadi ya pauni 100,000 kwa atakayeleta njia ya kuyapoza. Mawazo yalikuja kwa maelfu, na zawadi haikupata mwenyewe. Mahandaki ya chini sana ni membamba, treni zake ni ndogo, na hapakuachwa nafasi ya mashine wala njia ya kutolea joto. Kuanzia mwaka 2010 treni zenye viyoyozi zilianza kazi, lakini katika zile njia pana zilizo karibu na uso wa ardhi. Wahandisi wa 1900 walikuwa hodari kwa kila kitu, ila hawakuwaachia wajukuu wao nafasi.

Na wale walio na viyoyozi nao wana hadithi yao. Julai 2010, katika siku za joto kali nchini Ujerumani, mitambo ya kupoza hewa katika baadhi ya treni za mwendo kasi ilishindwa kazi. Mitambo ya baadhi ya treni hizo ilikuwa imepangwa kwa joto la nje lisilozidi nyuzi 32. Madirisha yake yalikuwa hayafunguki, kwa kuwa waliozitengeneza waliamini kwamba mashine ikiwepo dirisha halina kazi. Joto la ndani lilikaribia nyuzi 50 kwa taarifa za wakati ule, wanafunzi waliokuwa safarini wakazimia, na treni moja ikasimamishwa katika stesheni ya Bielefeld ili waliozidiwa watibiwe. Hayo yalitokea katika nchi yenye mafundi ambao dunia nzima huwaonea wivu.

Mfano huo ni muhimu kwa Uganda kwa sababu Uganda sasa iko mahali ambapo London ilikuwa mwaka 1900: michoro iko mezani. Oktoba 2024 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli mpya ya kisasa, ile inayoitwa SGR, kutoka Malaba hadi Kampala, urefu wa kilomita 272, na treni zake zitaendeshwa kwa umeme. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, ambako treni za umeme zilianza kubeba abiria Juni 2024, na mwezi uliofuata zikafika Dodoma. Kenya ilitangulia kwa treni yake ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, inayovutwa na injini za dizeli. Mabehewa ya treni hizo za majirani yana viyoyozi, na Mganda aliyepanda akirudi nyumbani huuliza kwa nini yeye aendelee kutoka jasho baina ya Kireka na Nakawa.

Swali lake ni la haki, lakini jibu la haraka, kwamba yale mabehewa ya zamani nayo yatiwe viyoyozi, si jibu zuri. Kupoza behewa moja lililojaa watu huhitaji makumi ya kilowati. Injini ya dizeli iliyotengenezwa kuvuta mizigo haina umeme huo wa ziada. Itabidi jenereta iongezwe, mafuta yaongezwe, fundi wa mashine za baridi aajiriwe, na madirisha yazibwe. Siku jenereta itakapokataa, na siku hiyo haitakosekana, abiria atakuwa ndani ya kopo. Kwa gari la safari ya saa moja kasoro linalosimama kila baada ya dakika chache na kufungua milango yake, dirisha pana linalofunguka, tundu la darini, paa jeupe na feni chache ni silaha bora. Hazina fahari. Lakini hazizimiki zote kwa mkupuo.

Kwa treni mpya za umeme mambo ni tofauti. Umeme utakuwapo katika waya juu ya reli, na nchi imeongeza uwezo wake. Bwawa la Karuma peke yake, lililozinduliwa Septemba 2024, ni la megawati 600. Huko kiyoyozi kina mahali pake. La kudai mapema, wakati mabehewa bado ni karatasi, ni kwamba kila behewa liwe na madirisha kadhaa yanayoweza kufunguliwa kwa ufunguo wa mlinzi wa treni umeme ukikatika; kwamba mitambo ipimwe kwa behewa lililojaa kupita kiasi, maana hivyo ndivyo litakavyokuwa; na kwamba stesheni zisiwe majumba ya vioo yanayotazama magharibi. Kioo ni kizuri kwenye picha. Alasiri kinageuka kuwa jiko, na bili ya umeme wa kulipoza hulipwa na abiria yule yule aliyechomwa.

Singapore, iliyo karibu na ikweta kama Kampala lakini chini, baharini, iliamua jambo hili kabla treni yake ya mjini haijaanza kazi mwaka 1987. Mabehewa yalipozwa tangu siku ya kwanza, na katika stesheni za chini ya ardhi ukingo wa jukwaa ulifungwa kwa milango ya kioo inayofunguka pale treni inaposimama tu, ili ubaridi usivujie handakini. Wajapani nao waliona kwamba si kila mtu anapenda baridi, wakatenga katika baadhi ya treni behewa lenye ubaridi wa wastani. Yule mama wa Kireka na mtoto wake ndani ya blanketi angefurahi kusikia kwamba ubishi wake wa dirisha ulifika hadi Tokyo na kupatiwa suluhisho.

Hayo ni ya kesho. Jioni ya leo bado kuna askari jukwaani, na siku moja mtu ataanguka mbele yake. Askari aliyepitia mafunzo ya kutembea na mzigo juani anazijua dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha maneno yasiyoeleweka, mtu akawa kama mlevi ilhali hakunywa. Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu raia, na wakati mwingine hata mlinzi wa amani, humchukulia mtu huyo kuwa mlevi kweli na kumsukuma kando. Mtu aliyechanganyikiwa baada ya kukaa katika joto ni mgonjwa mahututi mpaka ithibitike vingine. Atolewe kwenye msongamano, alazwe kivulini, alegezwe mkanda na vifungo, avuliwe viatu, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe kwa chochote kilichopo, hata kwa gazeti au kofia. Kumpoza kuanze pale pale, wakati gari la wagonjwa linaitwa, kisingojee hospitali. Ubongo unaoungua hauhesabu saa bali dakika. Akiwa na fahamu zake apewe maji kidogo kidogo. Akiwa hana fahamu asitiwe kitu mdomoni, bali alazwe kwa ubavu.

Kwa hiyo stesheni inahitaji maji, na si ya kuuzwa katika chupa tu, bali bomba lenye maji yanayotoka, mahali ambapo askari wa zamu anapajua hata usiku. Inahitaji ndoo moja. Zamu ya askari mwenyewe juani inahitaji kupangwa ili asisimame saa nne mfululizo bila kivuli wala kinywaji, maana aliyeanguka hawezi kumwinua aliyeanguka. Na kule uwanjani, mabehewa yakiwa yamepumzika, panahitajika mtu aliyeandikwa katika kitabu cha zamu, kwa jina na namba yake, kwamba saa kumi alasiri ndiye atakayefungua madirisha na kubaki hapo akiyalinda mpaka abiria waingie.